Habari ya Leo Ndani ya Somo la Uchumi
Mada iliyotolewa kwa walimu wa somo la Uchumi wa kidato cha tano na cha sita katika shule za sekondari za wilaya



Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini. Mvua kubwa za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilijaza maji katika mashamba ya miwa. Magari yakashindwa kuingia mashambani kusomba miwa, na hata ile iliyofika kiwandani ikatoa sukari kidogo kuliko kawaida. Katika maeneo mengi bei ya kilo moja ikapita shilingi 4,000. Bodi ya Sukari Tanzania ikatangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo. Habari hiyo ilitawala redio, runinga, magazeti na simu za viganjani kwa wiki kadhaa.

Wiki zile zile, katika madarasa ya Uchumi, mistari miwili ilikuwa ikichorwa ubaoni, mmoja wa mahitaji na mwingine wa ugavi. Yumkini mfano uliotumika ulikuwa tufaha la kitabuni, au bidhaa isiyo na jina inayoitwa X. Mwanafunzi aliunakili mchoro ule kwa rula na penseli, akahifadhi maana ya bei ya mlingano kwa ajili ya mtihani. Jioni akatumwa sukari dukani, akarudi mikono mitupu. Hakuna aliyemwambia kwamba mchoro ule na duka lile vilikuwa jambo moja.

Hasara iliyotokea hapo haionekani katika takwimu yoyote. Mwanafunzi aliamini kuwa Uchumi ni somo la maneno magumu yanayowahusu watu wa mbali, na kwamba bei ya sukari ni jambo la bahati mbaya au la ubaya wa watu. Mada hii inahusu namna ya kuikomesha hasara hiyo kwa kutumia taarifa za habari na video fupi. Hoja yake ni moja: habari isiwe kachumbari ya kuwachangamsha wanafunzi waliochoka, bali iwe ndilo swali ambalo nadharia inaitwa kulijibu. Habari itangulie, nadharia ifuate, kisha nadharia irudi kupimwa na habari.

Somo moja la sukari

Njia hii hueleweka vizuri zaidi kwa mfano. Vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80, vinatosha.

Mwalimu huanza kwa kuonyesha kipande cha taarifa ya habari kisichozidi dakika tatu, kinachohusu uhaba wa sukari. Kwa mara ya kwanza hukionyesha bila sauti. Wanafunzi huandika wanachokiona: foleni, rafu tupu, lori lililokwama kwenye tope, muuzaji anayepima nusu kilo. Hatua hii huwazoeza kutenganisha kinachoonekana na kinachosemwa. Kisha kipande hurudiwa kikiwa na sauti, lakini mwalimu hukisimamisha kabla msomaji wa habari hajaeleza sababu.

Hapo ndipo kila mwanafunzi huandika utabiri wake katika daftari: kwa nini bei imepanda, na nini kitatokea baada ya bei elekezi kutangazwa. Utabiri huandikwa, hausemwi tu. Mwanafunzi aliyeandika amejifunga. Hawezi kusema baadaye kwamba alijua tangu mwanzo. Akikosea, kosa lake mwenyewe humfundisha kuliko maelezo ya mwalimu.

Katika hatua hii, jibu moja hujitokeza karibu kila mara: bei imepanda kwa sababu ya tamaa ya wafanyabiashara. Mwalimu hana haja ya kulikataa jibu hilo. Amuulize mwanafunzi kama wafanyabiashara hao hawakuwa na tamaa miezi sita iliyotangulia, sukari ilipokuwa tele. Tamaa haikuzaliwa Januari. Kitu kilichokuwepo wakati wote hakiwezi peke yake kueleza badiliko lililotokea sasa. Mwenye kueleza badiliko hana budi kutafuta kilichobadilika. Mwanafunzi akilishika wazo hilo moja, amepata jambo litakalomfaa maisha yake yote, hata akisahau kila mchoro.

Hata hivyo somo lisiishie hapo. Kuficha bidhaa kwa kusubiri bei ipande ni tabia halisi, na nadharia inaitambua kwa jina la matarajio. Uchache wa viwanda vya sukari nchini ni jambo jingine la kujadiliwa, kwa kuwa soko lenye wauzaji wachache haliendi kama soko la wauzaji wengi. Kwa namna hiyo neno “tamaa” hugawanyika na kuwa maswali matatu au manne yanayoweza kupimwa.

Sasa mchoro huingia. Mstari wa ugavi husogea kushoto kwa sababu ya mvua. Mstari wa mahitaji nao hujadiliwa, kwa kuwa mwezi wa Ramadhani ulianza Machi mwaka huo, na katika Ramadhani matumizi ya sukari huongezeka. Kisha mstari wa bei elekezi huchorwa chini ya bei ya mlingano, na pengo kati ya kinachotakiwa na kinachopatikana huonekana wazi. Mwalimu huuliza: pengo hili litajazwa na nini? Wanafunzi wenyewe hutaja waliyoyaona mitaani: foleni, kuuziwa kwa kujuana, kulazimishwa kununua bidhaa nyingine pamoja na sukari, vipimo pungufu. Hutaja pia lengo la bei elekezi, ambalo ni kumlinda mlaji mwenye kipato kidogo. Darasa lililoyaweka mambo hayo mawili katika mizani limefanya kazi ya mchumi.

Dakika za mwisho ni za kurudi kwenye daftari. Kila mwanafunzi husoma utabiri wake, hueleza alipopatia na alipokosea, kisha huandika jibu la aya moja kwa mtindo wa mtihani. Kwa mwaka huo somo lingeweza kuendelea hadi Juni, Sheria ya Fedha ya 2024 ilipompa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula jukumu la kununua na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo. Wanafunzi waliojadili uhaba mwezi Januari wangeisoma habari ya Juni wakijua inajibu swali gani.

Wengine walivyofanya

Njia hii haikuanzia hapa. Mwaka 1958 Leonard Read aliandika nchini Marekani insha fupi ambamo penseli inajieleza yenyewe ilivyotengenezwa, ikionyesha kwamba hakuna mtu mmoja duniani anayeweza kuitengeneza peke yake tangu mti hadi risasi yake. Mwaka 1980 Milton Friedman alishika penseli mbele ya kamera katika mfululizo wake wa televisheni na kuyarudia mawazo hayo kwa dakika chache. Kipande hicho kifupi kimeonyeshwa madarasani kwa miongo kadhaa. Waswahili walikwisha kulisema jambo hilo kwa maneno machache: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hapo pia pana fundisho la tahadhari. Friedman alikuwa mtetezi wa soko huria, na penseli yake ilikuwa hoja. Kila video ina upande inaoegemea, iwe imesema au imenyamaza. Mwalimu akiionyesha penseli ya Friedman, yafaa siku inayofuata aonyeshe habari za korosho za mwaka 2018. Mwaka huo wakulima wa kusini walizikataa bei za wanunuzi mnadani, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Wanafunzi waulizwe: soko lilishindwa wapi? Fedha za kununulia zilitoka wapi? Korosho ikishanunuliwa, nani atainunua tena, na kwa bei gani? Kesi hizo mbili zikiwekwa pamoja, hakuna mwanafunzi atakayetoka darasani akidhani kwamba jibu ni soko siku zote au Serikali siku zote.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Profesa Robert Frank aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika maneno yasiyozidi 500 kuhusu swali walilolipata kwa kutazama mambo ya kila siku. Mmoja aliuliza kwa nini vitufe vya mashine za kutolea fedha, zile ambazo dereva huzitumia bila kushuka garini, vina maandishi ya nukta nundu ya wasioona, ilhali dereva lazima awe anaona. Jibu lilihusu gharama za uzalishaji: mashine zenye nukta hizo hutengenezwa vyovyote vile kwa ajili ya waendao kwa miguu, na kutengeneza vitufe vya aina mbili kungegharimu zaidi.

Mwanafunzi wa wilaya hii hana haja ya kuiona mashine ya aina hiyo. Aende sokoni aulize kwa nini mama muuza nyanya hupanga mafungu badala ya kupima kwa kilo. Akirudi kila wiki ataona kwamba nyanya zikiadimika, mara nyingi bei ya fungu hubaki ile ile ila nyanya za fungu hupungua kutoka sita hadi nne. Huo ni mfumuko wa bei uliojificha ndani ya fungu, na hakuna kitabu kitakachomwonyesha vizuri kama meza ile. Picha moja ya fungu la Januari na nyingine ya fungu la Aprili, zikiwekwa pamoja, ni kifaa kamili cha kufundishia.

Kuhusu urefu wa video, utafiti wa Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa kozi za mtandaoni walitazama video. Ilionekana kwamba video zisizozidi dakika sita ndizo zilizoshika usikivu wa watazamaji zaidi. Utafiti huo ulihusu wanafunzi waliokaa peke yao mbele ya kompyuta, lakini unaafikiana na uzoefu wa darasani: video ndefu humgeuza mwanafunzi kuwa mtazamaji, na mwalimu kuwa mlinzi wa mashine. Dakika tatu za video na dakika thelathini za mjadala ni uwiano mzuri kuliko kinyume chake.

Kalenda ya habari za uchumi

Walimu wengi huogopa kwamba njia hii itawalazimu kukimbizana na habari kila siku. Si lazima. Habari nyingi za uchumi huja kwa ratiba inayojulikana, na mwalimu anaweza kuziingiza katika azimio lake la kazi tangu muhula unapoanza.

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Jedwali lake huonyesha bei kwa kila wilaya. Mwanafunzi aitafute wilaya yake, ailinganishe na Dar es Salaam, na aeleze tofauti hiyo kwa gharama za usafirishaji kutoka bandarini. Bei ikipanda, aulize: ni bei ya soko la dunia, ni thamani ya shilingi, au ni kodi na tozo? Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza Februari, bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na kuanzia Juni Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Tukio hilo moja linabeba mada za ugavi wa dunia, ruzuku na bajeti.

Kila mwezi pia Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ya mfumuko wa bei. Taarifa hiyo ni fursa ya kusahihisha kosa lililozoeleka, la kudhani kwamba mfumuko wa bei ukishuka bei nazo zimeshuka. Umeshuka mwendo wa kupanda. Bei bado zinapanda. Mwalimu anaweza kulilinganisha na basi lililopunguza mwendo likiwa bado linapanda mlima.

Kila robo mwaka Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu hukutana na kutangaza riba. Mwezi Juni husomwa bajeti ya Serikali, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kuanzia Oktoba minada ya korosho hufunguliwa katika mikoa ya kusini. Mwalimu mwenye tarehe hizo ukutani anajua kabla ya wakati ni mada ipi ya muhtasari itapata habari yake wiki ipi.

Kitabu na habari vinapotofautiana

Ipo sababu nyingine ya kuitegemea habari: kitabu huchelewa. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa sera ya fedha unaotegemea riba, ikiacha ule wa kulenga kiasi cha fedha kilichomo katika mzunguko. Riba ya Benki Kuu ilianza kwa asilimia 5.5, ikapandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo huo, na Julai 2025 ikashushwa hadi asilimia 5.75. Kitabu kilichochapishwa kabla ya 2024 hakiwezi kuwa na habari hiyo. Mwalimu anayekitegemea kitabu hicho peke yake humfundisha mwanafunzi Benki Kuu ya jana.

Tofauti hiyo isifichwe. Wanafunzi wapewe ukurasa wa kitabu na video ya tangazo la Gavana, waulizwe nini kimebadilika na kwa nini. Watajifunza sera ya fedha, na watajifunza pia kwamba elimu ya uchumi ina tarehe.

Lugha mbili za mwanafunzi mmoja

Kuna kikwazo kinachozungumzwa kwa nadra. Mwanafunzi wa kidato cha tano husikia habari za uchumi kwa Kiswahili, lakini hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anafahamu bei elekezi, tozo, ruzuku, mfumuko wa bei na stakabadhi ghalani kwa sababu nyumbani kwao maneno hayo yamegusa mfuko. Akifika darasani hukutana na maneno mengine kwa mambo yale yale, na hayatambui. Wapo wanafunzi wanaohesabiwa kuwa dhaifu katika Uchumi kumbe udhaifu wao ni wa lugha tu.

Habari inaweza kuwa daraja. Darasa liwe na karatasi kubwa ukutani yenye safu mbili: upande mmoja neno la taarifa ya habari, upande wa pili neno la mtihani. Kila wiki maneno mawili au matatu huongezwa, na yanayoongezwa ni yale tu yaliyotokea katika habari ya wiki hiyo. Mjadala uanze kwa lugha ambayo mwanafunzi anaifikiria, umalizike kwa aya iliyoandikwa kwa lugha ya mtihani. Hatua zote mbili ni za lazima. Anayeishia hatua ya kwanza atazungumza vizuri na kufeli. Anayeanzia ya pili ataandika asichokielewa.

Mfano mzuri ni tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Mjadala wake ulikuwa mkali nchi nzima, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kila mwanafunzi alikuwa na ndugu aliyetuma au kupokea fedha kwa simu. Maswali ya kitaalamu yalikuwa tayari midomoni mwa watu: nani hasa anaibeba kodi hii, mtumaji au mpokeaji? Gharama ikipanda, watu watapunguza kutuma kwa kiasi gani, na watatumia njia gani mbadala? Mapato yanayopatikana yanatosha kufidia miamala inayopotea? Kazi ya mwalimu ilikuwa kuyapa maswali hayo majina yake.

Tahadhari kwa mwalimu

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mwanafunzi wa Uchumi methali hiyo ina hatari. Lisemwalo huenda halipo kabisa, au lilikuwepo miaka mitatu iliyopita na video yake inasambazwa leo kana kwamba ni mpya. Kabla ya kuionyesha video yoyote, mwalimu athibitishe mambo matatu: nani aliyeirekodi, tarehe gani, na kama tarakimu zilizomo zinaafikiana na taarifa ya taasisi husika. Ni vizuri zaidi wanafunzi nao wapewe kazi hiyo ya uthibitisho, maana ndiyo watakayoihitaji kila siku baada ya kuacha shule.

Tahadhari ya pili inahusu siasa. Habari za kodi, ruzuku na bei hubeba misimamo ya vyama na viongozi. Mwalimu aulize maswali, asitoe hukumu. Swali “nani anafaidika, nani anagharamia, na badala yake kingefanyika nini?” linamhusu kiongozi yeyote na chama chochote.

Tahadhari ya tatu ni heshima ya watu. Mwanafunzi akitumwa sokoni asimpige picha mfanyabiashara bila idhini yake, na asitangaze jina wala mapato ya mtu. Mama muuza nyanya amesaidia elimu. Haifai alipwe kwa aibu.

Vifaa, gharama na nafasi ya Halmashauri

Si kila shule ina projekta, na si kila siku umeme upo. Wanafunzi katika shule nyingi hawaruhusiwi kuwa na simu. Mambo hayo hayaizuii njia hii. Simu moja ya mwalimu, spika ndogo, na wanafunzi kumi kumi kwa zamu vinatosha kwa video ya dakika tatu. Redio hutosha kabisa. Pasipokuwa na redio, gazeti la wiki iliyopita likisomwa kwa sauti hufanya kazi ile ile, kwa kuwa kiini cha somo ni utabiri, mchoro na marejeo. Video ni mlango wa kuingilia tu.

Gharama ya bando inaweza kupunguzwa kwa ushirikiano. Mwalimu mmoja apakue kipande kimoja kila mwezi, akihifadhi pamoja na tarehe yake, chanzo chake na maswali matano. Shule zikibadilishana kwa flashi, kufikia mwisho wa mwaka kila moja itakuwa na hazina ya masomo kadhaa yaliyokwisha kujaribiwa. Kituo cha walimu ni mahali panapofaa kuhifadhi hazina hiyo, ili mwalimu anayehamia shule mpya asianze na mikono mitupu.

Halmashauri nayo ni chanzo cha habari kilicho karibu kuliko vyote. Taarifa ya mapato na matumizi inayowasilishwa katika Baraza la Madiwani ni somo la fedha za umma. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, ni somo la kodi linaloweza kuhesabiwa kwa gunia la mzazi wa mwanafunzi mwenyewe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni somo la mgawanyo wa rasilimali: shilingi hiyo isingekwenda huko, ingekwenda wapi? Mweka Hazina, Afisa Biashara au Afisa Kilimo akialikwa darasani kwa nusu saa mara moja kwa muhula, akajibu maswali yaliyoandaliwa na wanafunzi, atakuwa ametoa huduma ambayo haigharimu Halmashauri fedha.

Pa kuanzia

Mwalimu asiahidi mapinduzi ya ufundishaji. Aanze na somo moja. Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao EWURA itatangaza bei za mafuta. Jumanne yake kila mwanafunzi aandike katika daftari kama bei ya petroli katika wilaya hii itapanda, itashuka au itabaki, na sababu moja tu ya kuamini hivyo. Jumatano jioni mwalimu ahifadhi taarifa. Alhamisi daftari zifunguliwe.

Wengi watakuwa wamekosea, na darasa litataka kujua kwa nini. Hapo mwalimu achukue chaki.